Ukienda makaburi ya Salem mwezi wa Oktoba

Kama unaishi Boston au jirani na unataka kuyaona makaburi ya Charter Street mjini Salem, Marekani, msimu huu wa Halloween, sikukuu ya watu kujivika kama wachawi na mizimu, nakusihi usiende Jumamosi. Mara ya kwanza nilikwenda Jumamosi, mitaa imejaa kofia nyeusi za kichawi, nikaishia kuchungulia juu ya mabega ya watu. Siku hizi napanda treni ya asubuhi kutoka kituo cha North Station, Boston, siku ya kazi. Ni kama nusu saa tu, na nafika mji haujachangamka.

Usikimbilie makaburini. Anzia pembeni, kwenye kumbukumbu ya watu 20 waliouawa kwa tuhuma za uchawi hapa Salem mwaka 1692. Ilijengwa 1992: ukuta wa mawe wenye viti 20, kila kimoja kimechongwa jina, tarehe na namna mtu alivyouawa. Bridget Bishop, alinyongwa Juni 10, 1692. Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, alinyongwa Julai. Giles Corey alirundikiwa mawe mpaka akakata roho. Pale kizingitini wamechonga maneno yao ya kukana uchawi, na ukuta umeyakatiza kabla hayajaisha. Mimi nimekulia Usukumani, ambako bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni aliweza kukatwa mapanga kwa tuhuma hiyohiyo. Siku ile miguu ilikataa kusogea.

Ndipo uingie makaburini, yaliyoanza 1637. Wale 20 hawamo humo. Aliyemo, na jiwe lake, ni John Hathorne, mmoja wa mahakimu waliowahoji. Jambo hili linaniuma kila mwaka, na ni vizuri ulijue kabla hujatoa simu kupiga picha.

Pita njiani, usikanyage kaburi. Mawe yale ni membamba na yamechoka. Usiyaegemee, wala usibandike karatasi na kusugua penseli ili kunakili michoro. Jua la asubuhi likiyapiga kwa ubavu, utayaona yenyewe mafuvu yenye mabawa.

Ukiwa na watoto, kofia za uchawi zibaki kwenye begi mpaka mtoke. Binti yangu nilimweleza sababu mapema, tukiwa kwenye treni: watu wale walikufa kwa kuitwa wachawi. Akanyamaza. Tulipofika kwenye kiti cha Rebecca Nurse akaweka ua lake, akainama kidogo kama anavyowaamkia wazee nyumbani, akasema, "Shikamoo bibi."