Usikate matumizi eti ili uletewe mtoto

Mkuu acha, simama hapohapo. Umesema mama mtoto kahamia Sengerema na binti wa miaka 5, simu anapokea akijisikia, unataka kujua likizo mtagawana vipi, na washkaji wamekushauri ukate matumizi mpaka amlete mwenyewe Buhongwa. Hao washkaji nawajua hata bila kuwaona. Wa kwangu walikuwa Mwaloni pale Kirumba, na kila aliyenishauri jioni alikuwa anarudi kulala nyumba moja na wanae.

Mimi nilikata. Mwanangu alikuwa Nansio kwa bibi yake mzaa mama, nkaambiwa mwanamke akibanwa analainika, utaona anashuka na meli kamshika mtoto mkono. Hakushuka mtu. Sare akanunua bibi kwa hela ya dagaa, madaftari mjomba, na kila hela iliyotoka kwa mtu mwingine ilitoka na maneno yake, baba yako kakutupa, na mtoto anayasikia yote hata ukidhani amelala. Nilipokuja kupiga simu kwa hasira nadai niongee na mwanangu, akapewa, akauliza "we nani?" Sauti yangu aliijua vizuri sana.

Nkaenda Ustawi wa Jamii nikijua naenda kushtaki. Mama wa watu akanisikiliza mpaka mwisho, halafu swali lake la kwanza, mara ya mwisho umetuma matumizi lini? Nikakosa pa kuanzia. Upande wa pili walikuwa na neno moja tu, huyu katelekeza mtoto, na miamala ya simu yangu inawaunga mkono. Wale wa kijiweni hata mmoja hakunisindikiza kule ofisini, nawauliza baadae wananiambia aah na wewe ulizidisha. Mpaka leo nikiwaona damu inachemka!

Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutunzwa na haki ya kuonana na mzazi asiyeishi nae, haki zote mbili ni za mtoto. Ukinyimwa kumuona unaomba amri mahakama ya watoto, sio unalipiza kwenye tumbo la mtoto.

Na huyo aliyekwambia usubiri afike miaka 7 awe wako moja kwa moja kakudanganya pia, mimi niliambiwa hivyohivyo na mzee mmoja wa heshima zake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba chini ya miaka 7 ni vizuri mtoto akae na mama, na hata hilo linaweza kupingwa. Haijasema akitimiza 7 ukamchukue. Mahakama inaangalia ustawi wake, na akiwa na umri wa kujieleza anasikilizwa mwenyewe. Sasa miaka miwili hajakuona wala hajala cha kwako, atajieleza nini juu yako?

Shika hili, hela iende hata kama hujamuona, hata kama jana mmetukanana. Tuma kwa simu, usimpe shemeji mkononi, muamala ubaki. Siku zako za kupiga ziwe zilezile, asipopokea andika meseji ya kumsalimia mtoto na mama yake usimguse kabisa kwenye hiyo meseji. Halafu nenda. Mimi nilikuwa naangalia ziwa limechafuka naahirisha safari, wewe toka daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 hata kivuko hungojei, ni Usagara, Kigongo, umevuka.

Jumatatu fika ofisi ya ustawi halmashauri ya Sengerema maana mtoto anaishi huko, beba taarifa ya miamala yote uliyokwisha tuma, omba muitwe wote wawili mpangiwe siku za kumuona kwa maandishi. Ila ya mwezi huu tuma leo, kabla hujaenda.