Jibu: wagombea wadogo kwenye mdahalo wa wodi

Ndugu, umeuliza kama mdahalo wa wagombea wa MCA (mjumbe wa bunge la kaunti anayewakilisha wodi) uwaite wote 9 au "wenye nguvu" tu. Waite wote walioidhinishwa na IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya. Mgombea huru wa wodi tayari ameungwa mkono na wapigakura wasiopungua 500. Mchujo mwingine wa nini? Kigezo cha asilimia 5 kilichotumika kwenye midahalo ya urais 2022 kilitegemea kura za maoni, na kwa wodi moja nani anazifanya?

Muda unatosha. Dakika 90: utangulizi dakika 1 kila mtu (9), maswali 4, kila mtu akijibu kila moja kwa dakika moja na nusu (54), hitimisho dakika 1 (9). Zinabaki 18 za wananchi. Ukiongeza swali la tano tu, zinabaki 4 na nusu na watu watazomea.

Viti na zamu vipangwe kwa bahati nasibu pale pale ukumbini, la sivyo vigogo watachelewa makusudi ili waseme mwisho. Maikrofoni ishikwe na mwenyekiti wa kikao. Asiyefika, kiti chake kibaki wazi. Usikubali msemaji wake.