Hata Wakati wa Kafyu, Usimfungie Mbwa Wako

Mwaka 2021, wakati wa kafyu ya korona, msomaji mmoja wa Kakamega aliniandikia akilalamika kwamba tangu kafyu ya saa moja jioni itangazwe, mbwa wake hakaliki naye. Alibweka usiku kucha, alitafuna viatu vya watoto, na nusura amrukie kijana aliyewaletea maziwa. "Kaka, nimuuze?" Nikamjibu: usimuuze, dada yangu. Mtoe nje atembee.

Ninajua ninachosema. Sisi wa kaunti 13 za ukanda wa Ziwa Victoria na magharibi mwa Kenya tulibanwa tangu katikati ya Juni 2021: kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, hakukuwa na kutoka. Hapa Kisumu jua lenyewe huzama dakika chache tu kabla ya saa moja. Ukifunga kazi saa kumi na mbili na kupigania matatu pamoja na mji mzima, ulifika langoni kafyu ikikupumulia kisogoni. Jioni ilikuwa imekwenda. Kilichobaki kilikuwa alfajiri, nami hadi leo ninaihubiri alfajiri kwa yeyote mwenye mbwa.

Chui wangu ni mbwa wa kienyeji, mrefu, masikio wima. Kafyu ya kwanza ilipoanza Machi 27, 2020, kazini tuliambiwa tukae nyumbani tusubiri kuitwa. Tukabaki uani mimi naye, kila mmoja akimzunguka mwenzake. Ndipo nikamvisha mkanda wa shingoni, nikachukua kamba na tochi, tukaanza kutoka Migosi kushika barabara ya Kibos wakati mji bado mweusi. Hatujaacha hadi leo. Mvua ya masika ilitukuta njiani, tukaendelea. Miezi ile ambayo mshahara ulikatwa nusu na sikuwa na hamu ya kuamka, Chui alinigongea mlango kwa kucha. Ninaamini kabisa alinivusha mwaka ule.

Majirani hawakufurahi. Mama mmoja tunayetumia lango moja alikuwa akiwaita wanawe ndani kila tulipopita, akisema kwa sauti ya kunifikia kwamba mbwa hubeba korona. Watoto wale wale ndio waliokuwa wakimrushia Chui mpira. Halafu mlinzi akaagizwa asitufungulie, na mwenye ploti akanipigia simu: mbwa aondoke, au tuondoke wote wawili. Huenda walikuwa wamesikia habari ya mbwa mmoja wa Hong Kong aliyepimwa Februari 2020 akakutwa na virusi. Aliyekuwa mgonjwa katika nyumba ile ni mwenye mbwa! Ugonjwa huu tunauambukizana sisi binadamu kwa pumzi zetu. Nilimweleza mwenye ploti hivyo, nikamwonyesha na kadi ya Chui ya chanjo ya kichaa cha mbwa, akakubali. Lango linafunguliwa sasa. Lakini yule mama hajawahi kuniambia hata pole, na bado inaniuma.

Basi amka mapema. Wakati ule, saa kumi na moja alfajiri kafyu ilikuwa imeisha saa nzima iliyopita, na hata sasa jua halichomozi hadi karibu saa moja kasorobo, kwa hiyo una nafasi ya kutosha na ubaridi wa kutosha. Wakati wa korona barakoa tulivaa sisi. Mbwa havishwi barakoa, wala hapakwi vitakasa mikono miguuni, kwani atavilamba. Akirudi mfute nyayo kwa maji na sabuni ya kawaida. Mkikutana na mbwa koko, fupisha kamba na upite taratibu bila kukimbia. Wakazi wa Dunga na Nyalenda wasiende ufukweni gizani: viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na baada ya ziwa kufurika mwaka 2020 maji yalisogea hadi karibu na nyumba za watu. Ziwa ni la asubuhi iliyokwisha kupambazuka vizuri. Mchana, weka mgongo wa kiganja juu ya lami. Usipoweza kuvumilia kwa sekunde saba, nyayo zake zitaungua. Ndiyo maana narudia: amka mapema.

Na hili nitalisema hata kama litawaudhi baadhi yenu. Wengi wetu tunamfungia mbwa kwenye kibanda cha mabati mchana kutwa, tunamfungulia usiku alinde, kisha tunajisifu kwamba ni mkali. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona tuliona jinsi watoto walivyokasirika kwa kukaa ndani, tukawahurumia. Mbwa amekaa ndani maisha yake yote, mita chache kutoka kwenye kochi lako, nawe wakati ule ulishinda nyumbani kwa miezi bila kumtoa hata nusu saa. Ukali huo unatokana na woga na kuchoka kufungiwa, na atakayeumwa ni mtoto wa jirani.

Kabla ya kumtoa, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na urudie kila mwaka. Kadi itembee nayo mfukoni. Akimuuma mtu, hata mkwaruzo mdogo tu, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha umpeleke mtu huyo hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, na gharama uibebe wewe mwenye mbwa.