Ukienda Amani, usisahau tochi

Anayepanda Amani akitafuta simba na tembo atashuka ananung'unika. Utajiri wa msitu huu wa Usambara Mashariki, wilayani Muheza, uko kwenye viumbe vidogo: vinyonga, vyura, ndege wadogo waitwao chozi, maua yanayoota juu ya miamba. Baadhi yao hawapo kokote duniani nje ya milima hii na majirani zake. Kwa hiyo lala huko, tena usiku mbili ikiwezekana. Wanaopanda asubuhi na kushuka jioni hukosa nusu ya Amani, ile inayoonekana gizani.

Mchana unaweza kumpita kinyonga hatua mbili tu na usimwone. Usiku hulala kwenye ncha ya kijiti chembamba, rangi yake inafifia, na mwanga wa tochi ukimfikia anang'aa kama karatasi kati ya majani meusi. Hachagui ncha bure: nyoka akinyemelea, kijiti hutikisika, naye hujiachia akaanguka. Panga matembezi ya usiku na mwongozaji mapema mchana, muanze saa moja na nusu, na mpite kandokando ya njia badala ya kuingia msituni, kwani vichaka vya pembezoni ndivyo rahisi kuchungulia. Tochi ya kichwani ni bora kuliko ya mkononi. Mwanga ukitoka karibu na macho yako, humulika palepale unapotazama. Ukiishika tochi kiunoni ni rahisi kumkosa.

Nendeni hatua mbili, msimame, mmulike kuanzia usawa wa goti hadi juu ya vichwa. Kinyonga wa pembe tatu wa Usambara hukaa juu kidogo. Dume ndiye mwenye pembe. Jike hana, na wageni wengi hudhani ni aina nyingine. Wale wadogo wanaofanana na jani kavu, wasiozidi urefu wa kidole, hulala chini karibu na ardhi, kwa hiyo angalia unapokanyaga. Usimshike wala usikivute kijiti chake. Ukimwamsha ataanguka, na usiku huo atakuwa amepoteza mahali salama pa kulala. Tumelelewa tukimwogopa kinyonga, lakini hana sumu, na anastahili kutazamwa kwa utulivu.

Siafu ndio watakaokusumbua zaidi. Ingiza suruali ndani ya soksi, na kabla ya kusimama popote angalia chini. Wakikupanda, usipige miguu palepale, maana uko katikati ya msafara wao na wengine wanazidi kuja. Ondoka hatua kumi, kisha watoe mmoja mmoja.

Kuhusu njia: usitegemee lami hadi juu. Kutoka geti la Sigi, lango la hifadhi lililo chini ya mlima, kwenda juu ni kona kali na udongo mwekundu, na mvua ikinyesha gari dogo huserereka hata dereva awe hodari. Epuka Machi hadi Mei. Januari, Februari na Juni hadi Septemba ni nafuu, ingawa milima hii hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo koti la mvua halibaki nyumbani. Basi la kupanda kwa kawaida huondoka Muheza mchana na la kushuka huondoka alfajiri. Ulizia siku moja kabla. Kamilisha malipo ya kiingilio huko chini, maana mtandao huko juu si wa kutegemea.

Kwenye mawe yenye kivuli karibu na vijito, tafuta ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, liitwalo Saintpaulia. Ndilo lililopelekwa Ujerumani na ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, likaelezwa kisayansi mwaka 1893, na leo vizazi vyake viko madirishani dunia nzima. Liache lilipo. Mizizi yake imeshika tabaka jembamba la mboji juu ya jiwe; ukilibandua unaondoka na udongo wote, na pale haoti mwenzake kwa urahisi. Usifue wala kuoga kwa sabuni mtoni pia: maji ya Sigi ndiyo yanayonywewa Tanga mjini.

Si kila mti mrefu ni wa asili hapa. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902, na miti ya mabara mengine ingali bustanini. Mmoja wa miti iliyoletwa, Maesopsis eminii, umejisambaza ndani ya msitu, hasa palipokatwa mbao, kwa sababu hondohondo hula matunda yake na kuangusha mbegu mbali. Unausumbua msitu, lakini ukiwa na matunda ndio mahali pa kungojea asubuhi. Utasikia mabawa ya hondohondo yakivuma kabla hujamwona. Simama hapohapo, darubini tayari, maana nyuma ya wa kwanza kwa kawaida yupo wa pili.