Nani alimuua mume wa Phyllis kwenye Double Indemnity

Kwenye hii filamu ya Double Indemnity, Phyllis hakumuua mumewe kwa mkono wake, ni Walter Neff yule wakala wa bima, alikuwa kajificha siti ya nyuma akammalizia humohumo garini. Phyllis ndo alikuwa anaendesha na ndo aliyetoa ishara, honi mara tatu. Kinachowachanganya watu ni kwamba kamera haionyeshi mauaji kabisa, inaganda kwenye uso wa Barbara Stanwyck, aliyeigiza Phyllis, tu, macho mbele, hageuki, hashtuki, mumewe anakufa pembeni yake pale na yeye kashika usukani. Nimeirudia hiyo sehemu mara nyingi na bado naiona inatisha kuliko bastola yoyote, mwongozaji Billy Wilder aliipatia sana mwaka ule 1944, watu wanakumbuka wigi na kikuku cha mguuni lakini mimi nakumbuka ule uso.

Ila msimtoe kabisa kwenye damu. Lola, mtoto wake wa kambo, anasimulia kwamba mama yake mzazi alipougua nesi alikuwa Phyllis huyohuyo, na usiku mmoja Lola alikuta madirisha wazi kwenye baridi na mgonjwa hana blanketi. Na mwishoni Phyllis anampiga Neff risasi kweli, ya pili ndo ikamshinda kufyatua.