Daftari la pili la msiba

Kila msiba una daftari la rambirambi. Mtu anakaa karibu na turubai, anaandika jina na kiasi, na siku ya kuondoa matanga kamati inasoma mapato na matumizi. Linalokosekana ni daftari la pili, la kuandika marehemu alikuwa nani kwa watu walio nje ya nyumba yake.

Lina umuhimu hasa kwa mzazi asiyekuwa na cheo: mama aliyeshika ufunguo wa bomba la mtaa, baba aliyemlipia mtoto wa jirani michango ya shule kimyakimya. Mambo hayo wanayajua waliotendewa tu, na matanga yakishaondolewa kila mmoja anarudi kwake.

Nunueni kaunta buku moja. Mkabidhini mpwa, mkwe au binamu mtulivu, kwa maana watoto wa marehemu siku hizo hawana kichwa cha kuandika. Asiulize “alikusaidia nini?”, swali hilo linamdhalilisha mtu mbele ya watu. Aulize “mlifahamiana vipi?”, kisha “kuna jambo lenu lililobaki njiani?” Aandike jina, mahali, namba ya simu na maneno kama yalivyosemwa. Wenye mengi kwa kawaida huja baadaye, wiki ya pili au ya tatu, peke yao, na hawakai sana. Kwa hiyo daftari lisifungwe siku ya matanga. Liachwe wazi mpaka arobaini.

Kisha yaliyoandikwa yatengeni: amana, madeni, ahadi, majukumu. Anzeni na amana. Kama mzazi alitunza sanduku la kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) au mojawapo ya funguo zake tatu, warudishieni wanakikundi mbele ya viongozi wao na msainiane. Sanduku likichelewa wiki mbili tu, jina la marehemu linaanza kusemwa vibaya. Fedha iliyo kwenye simu yake msiitoe kwa namba ya siri mliyoikuta, hata kama ni ya mchango wa kikundi. Ingojeeni mirathi, na laini isizimwe, kwa sababu wanaomtegemea wataipiga.

Kwenye madeni, tangazo la makaburini kwamba anayemdai marehemu aione familia huwaleta wakweli na wengine pia. Ombeni maandishi au shahidi, bila ukali. Kwa familia za Kiislamu deni hulipwa kabla ya kugawana urithi, na wasia hauvuki theluthi moja, hivyo daftari hili litamfaa sana msimamizi wa mirathi. Katika pilikapilika hizo msisahau kusajili kifo. Tanzania Bara muda ni siku 30, na bila cheti cha kifo mirathi haisogei.

Sehemu ngumu ni kulisoma daftari. Watu hutegemea kufarijika, na faraja ipo, lakini huja na kitu ambacho wafiwa wengi huona aibu kukitaja: hasira. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada anasoma kwamba mwaka uleule mzazi alimlipia mtoto wa mwingine. Tuseme wazi kwamba hasira hiyo si utovu wa adabu, ni sehemu ya huzuni. Asiambiwe “nyamaza, marehemu hasemwi”. Mpeni nafasi aseme kwa mtu mzima mmoja anayemwamini, shangazi au mjomba, wala si kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wala asilazimishwe kusoma. Daftari halina haraka, anaweza kulifungua mwaka kesho.

Yaliyofanywa kwa siri yabaki siri. Kusoma majina ya waliosaidiwa siku ya arobaini ni kuwavua nguo, hata nia ikiwa njema. Someni kazi bila majina.

Mwisho, chagueni. Familia nyingi huahidi kuendeleza yote zikiwa bado na machozi, na mzigo wote humwangukia kifungua mimba au yule mwenye mshahara. Chukueni jambo moja, lenye kiasi na mwisho unaojulikana, kwa mfano sare na madaftari ya mtoto mmoja hadi amalize shule ya msingi. Ufunguo wa bomba upelekeni kwa mjumbe. Wale msioweza kuwabeba waendeeni wenyewe mkawaambie mapema, kabla shule hazijafunguliwa Januari, ili wapate muda wa kutafuta pengine.