Usimeze kidonge ili utembee

Dada, usimeze chochote! Umesema mguu unakuuma wiki ya pili sasa, pale nyuma ya vidole, na Ijumaa mnaanza matembezi ya hisani ya siku 4, Malindi hadi Mombasa. Halafu unauliza kidonge gani kitakufikisha. Swali hilo niliuliza mimi mwaka juzi, na jibu nililopewa lilinikalisha kitako miezi mitatu.

Tulikuwa tunawachangia wagonjwa wa figo. Kufika Gede, kilomita 16 hivi tu, mguu wa kushoto unachoma kama nimekanyaga mwiba. Kiongozi wa msafara akatoa diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu, mfukoni: "Meza, wenzako wanakutegemea." Nikameza mbili. Na kweli, maumivu yakakata! Nikaambaa na msitu wa Arabuko Sokoke naimba, jua la utosi, chupa moja ya maji. Kijiji cha Mida nikakipita. Karibu na Matsangoni nikasikia "tk" ndani ya kiatu, kama kijiti kikavu. Kumbe mfupa ulishaingia ufa tangu mazoezini, nami nimeukanyaga mchana kutwa bila habari. Jioni kiatu hakivuki, wakakata kamba kwa kisu.

Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu, maana ufa wa namna hii huchelewa kuonekana. Wiki ya tatu ndipo ukaonekana. Plasta wiki 6. Daktari akaniuliza siku ile nilikunywa maji kiasi gani, akaguna: dawa za aina hiyo, mwili ukiwa umekaukiwa na maji, huweza kuumiza figo. Figo! Nami nimevaa fulana ya wagonjwa wa figo! Yule kiongozi si daktari wala muuguzi, alikuwa na kipaza sauti tu, na mpaka leo hajanijulia hali. Na asije mtu akasema sikujiandaa. Nilifanya mazoezi miezi miwili.

Leo usiku bonyeza mguu kwa kidole gumba, mfupa mmoja mmoja. Ukipata pahali pamoja panapokurusha, au ukiumwa hata umelala, mwone daktari kabla ya Ijumaa. Maumivu yakikuanza njiani, panda matatu. Waliokuchangia wamewachangia wagonjwa, hawatadai pesa zao.

Viatu, vaa ulivyovizoea. Nijibu ukishabonyeza, nangoja.